Wa Kwetu Akikosa, Nani Aandike?

Julai mjini Nyeri ukungu hauna haraka ya kuondoka. Jumamosi ile ilifika saa nne asubuhi na matatu za Othaya na Karatina bado zilikuwa zinaingia stendi taa zikiwaka. Tulikuwa watano kwenye meza ya dirishani, katika hoteli ya chai ambayo mandazi huisha kabla ya saa tatu: mwalimu mstaafu wa historia kutoka Othaya, wakili mwenye ofisi Karatina, muuza magazeti ambaye meza yake iko hatua chache kutoka mlangoni, ripota mmoja wa kike anayepeleka habari kwenye redio ya lugha ya mama na kwenye gazeti, na mimi. Kwa kuwa hawakuzungumza wakijua wataandikwa majina, nawaita kwa kazi zao.

Ripota alitoa bahasha ya kaki ndani ya koti akaiweka kati ya vikombe. Mlikuwa na nakala tano za karatasi za malipo. Moja ilikuwa na duara la kahawia, alama ya kikombe ambacho mtu fulani ofisini alikiweka juu ya karatasi hiyo akaendelea na kazi yake.

"Kisima," alisema. "Kimelipiwa chote, hadi senti ya mwisho. Alhamisi nilikwenda kukiona. Kuna nguzo moja imefungwa utepe mwekundu, na kwenye hiyo nguzo wamefungwa mbuzi wawili."

Jina la aliyetia sahihi tulilijua sote mezani. Silitaji hapa, wala kaunti na wadi sizitaji, kwa sababu asubuhi ile mwenye jina alikuwa bado hajaulizwa. Ninachoweza kuandika ni jinsi tulivyobishana.

MWALIMU: Nikuulize, mwanangu. Unajua huyu ni mtoto wa nani?

RIPOTA: Najua, guka.

MWALIMU: Basi unajua ukimtaja redioni kwa Kikuyu hutakuwa umemtaja peke yake. Magazeti ya Nairobi yakimwandika, watu husema ni siasa za Nairobi, wanafunga ukurasa. Wewe ukimsema kwa lugha aliyonyonya nayo, umeingia mpaka jikoni kwa mama yake. Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Ukishamwangusha huyu, siku yako wewe ikifika nani atasimama?

RIPOTA: Na mama niliyemkuta njiani na mtungi wa lita ishirini mgongoni, yeye alizaliwa na nani?

MWALIMU: Sijasema asipate maji. Nasema kuna njia. Wazee wamwite, wamkalishe chini, pesa zirudi kimyakimya. Hapa Mlima Kenya tumeshaanika watu wetu mbele ya Kenya nzima, na sikuona tulichopata. Desemba 2002 Kibaki aliingia Ikulu, mtoto wa Othaya, akafungua shule za msingi bure, nikapata watoto tisini katika darasa moja na nikafurahi. Miaka miwili haikuisha, kila asubuhi ni Anglo Leasing, Anglo Leasing. Murungaru wa Kieni. Mwiraria wa Meru. Kiraitu wa Meru. Ungedhani kabla yetu nchi hii haikujua wizi.

WAKILI: Ilijua, Mwalimu, na ulipiga makofi ilipojua. Kashfa ya Goldenberg iliposhika moto mwaka 1993, aliyetoa hati alikuwa karani kijana wa Benki Kuu, David Munyakei. Alikamatwa, akapoteza kazi, akafa mwaka 2006 akiwa maskini. Sisi wa huku tulimwita shujaa, kwa sababu waliokuwa wakila wakati ule hawakuwa wetu. Githongo alipofanya jambo lilelile dhidi ya serikali yetu, tukamwita msaliti. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Wasomaji vijana huenda hawakumbuki, kwa hiyo nirudi nyuma kidogo. John Githongo aliteuliwa katibu mkuu wa maadili na utawala bora katika ofisi ya rais mwanzoni mwa mwaka 2003. Kabla ya hapo aliandika makala magazetini, na alikuwa ameongoza Transparency International hapa Kenya. Anglo Leasing, iliyopewa tenda ya mitambo ya pasipoti, ilikuwa jina na anwani ya Liverpool, haina kiwanda wala fundi. Ilipochimbuliwa ikaonekana kuna mikataba 18 ya sampuli hiyo, mingi ikiwa imeanza wakati wa Rais Moi na kuendelezwa na waliokuja kusafisha. Aliyeinua suala hilo bungeni mwaka 2004 alikuwa Maoka Maore, mbunge wa Ntonyiri, Mmeru. Yaani hata aliyepiga yowe la kwanza alikuwa wa mlimani, na huwa nashangaa jambo hilo linavyosahauliwa kila watu wa huku wanapolalamika kwamba tulionewa. Githongo alijiuzulu Februari 2005 akiwa London. Januari 2006 faili lake likachapishwa magazetini, na kabla ya Februari kuisha Mwiraria na Kiraitu walikuwa wameachia wizara zao. Wote waliotajwa walikana. Hakuna waziri aliyefungwa.

MWALIMU: Umesimulia vizuri, lakini umeruka kitu. Githongo aliwarekodi. Alikaa nao, akanywa chai yao, na kinasa sauti kinazunguka ndani ya nguo. Mimi nimefundisha watoto miaka thelathini na mmoja kwamba anayesikiliza mlangoni ni mwizi. Leo nikafundishe nini, kwamba ni mwizi isipokuwa akipeleka gazetini?

RIPOTA: Maadili yetu yana kifungu chake. Usijifanye mtu mwingine, usitumie hila kupata habari, isipokuwa jambo lenyewe ni la manufaa kwa umma na hakuna njia nyingine ya kulipata. Lazima yote mawili yawepo.

MWALIMU: Na anayepima kama yapo ni nani? Wewe mwenyewe mwenye njaa ya stori.

Hapo alimpata. Ripota alinyamaza, akakoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeyeyuka zamani. Swali la Mwalimu si la kupuuzwa, maana kila aliyewahi kushika kinasa sauti anajua jinsi mtu anavyojipimia mwenyewe mzani. Mimi jibu langu ni kwamba chai ile haikuwa yao. Ofisi ile ililipiwa na mama mwenye mtungi, na mtumishi anayezungumzia pesa za bosi wake hawezi kudai kwamba bosi amedukua siri ya nyumbani. Lakini nakubali kwamba jibu hilo haliwezi kutumika chumbani kwa mtu, wala kwenye ugonjwa wake, wala kwa watoto wake, na nimewaona wanaolitumia huko.

WAKILI: Sasa mimi nitawaudhi nyote. Mnasema faili lilichapishwa, mawaziri wakaondoka, ukweli ukashinda. Murungaru alikwenda kortini. Mei 2019 Mahakama Kuu ikamwamuru Githongo amlipe Sh27 milioni kwa kumharibia jina. Milioni ishirini na saba, miaka kumi na mitatu baada ya faili kutoka. Mimi ndiye ninayeletewa wateja kama wewe, dada, na huwa nawauliza swali moja: unachokijua na unachoweza kukithibitisha, ni sawa? Kortini la kwanza halina thamani.

RIPOTA: Kwa hiyo ninyamaze?

WAKILI: Sijasema unyamaze. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilikifuta kile kifungu cha 194 cha sheria ya jinai, kilichofunga watu jela kwa kashfa. Lakini wanaweza kukufilisi. Ndiyo maana nasema, hesabu kwanza. Hizi nakala tano, umeona asili yake?

RIPOTA: Bado.

Muuza magazeti alikuwa hajasema neno. Huwa anakaa nusu kiti, jicho moja kwenye meza yake nje, kwa sababu asubuhi watu hukusanyika pale kusoma vichwa vya habari bila kununua. Akavuta kiti.

MUUZA MAGAZETI: Nyinyi mnazungumza 2006. Mimi nitawaambia tarehe moja tu. Tarehe mbili Machi. Usiku wa kuamkia tarehe mbili Machi 2006 polisi waliojifunika nyuso waliingia Standard na KTN, wakachoma magazeti yaliyokwisha kuchapishwa, wakazima mtambo na runinga. Asubuhi nilifungua marundo yangu hapa, baridi kama hii, la Standard halimo. Michuki wa Kangema, waziri wa usalama, akasema ukimtikisa nyoka uwe tayari kuumwa. Wateja wangu wengine walicheka. Walisema, waache waumwe, wamezidi kumwandama mtu wetu. Na wengine walisema stori yenyewe ilikuwa ya uongo, ile ya Kibaki kukutana na Kalonzo wa upinzani kisirisiri, maana wote wawili waliikana.

WAKILI: Hata ingekuwa ya uongo, dawa yake si kiberiti.

MUUZA MAGAZETI: Sawa. Lakini tarehe mbili Machi nyingine ni ya 1975. Siku hiyo J.M. Kariuki alitoka hoteli ya Hilton Nairobi na mkuu wa kikosi cha polisi cha GSU, hakuonekana tena akiwa hai. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili. Baba yangu hakujua Kiingereza. Alimpenda J.M. kama ndugu, maana walikuwa kizuizini miaka ileile ya Mau Mau. Basi siku zile anatafutwa, kila jioni baba alinituma dukani nikamsomee gazeti la mwenye duka. Siku moja likaandika J.M. yuko Zambia. Nikarudi mbio nikamwambia baba, yuko Zambia, gazeti limesema. Baba alicheka, kitu ambacho wiki nzima hakuwa amefanya. Akanipa senti hamsini. Usiku ule tulilala vizuri. Na mtu yuko mochari ya Nairobi, maiti isiyo na jina, wameshamtoa Ngong.

Alinyamaza kidogo akitazama nje.

MUUZA MAGAZETI: Ile senti hamsini sikuitumia. Sikusema uongo mimi, nilisoma kilichoandikwa. Lakini mdomo uliomdanganya baba ulikuwa wangu.

Hakuna aliyegusa kikombe. Mwalimu alivua kofia yake akaiweka magotini.

Nimelifikiria sana simulizi hilo tangu siku ile, na nasema wazi kwamba kosa la 1975 linaniuma kuliko moto wa 2006. Moto uliletwa na polisi kutoka nje, na kesho yake kila mtu aliona majivu. Uongo wa Zambia ulipita katika mikono ya watu wa kazi yetu wenyewe, mmoja akauandika, mwingine akaupitisha, na mwingine akauwekea herufi kubwa. Mtu mmoja tu angesimama akauliza nani amemwona huko Zambia, hoteli gani, chumba gani, saa ngapi, ukurasa ule ungekuwa na habari nyingine. Serikali ilihitaji siku chache za watu kulala vizuri, ikapewa. Wazazi wa J.M. walitoka Nyeri kabla ya kuhamia Bonde la Ufa. Alikuwa mbunge wa Nyandarua Kaskazini, na serikali iliyotakiwa kujibu kuhusu kifo chake ilikuwa ya mtu wa kabila lake. Kamati ya Bunge ya Elijah Mwangale ilitoa ripoti Juni mwaka huohuo, baada ya majina mawili ya watu wa karibu na Mzee Kenyatta kuondolewa. Hadi leo hakuna aliyehukumiwa. Kwa hiyo ninaposikia "wa kwetu hatatuumiza", humkumbuka huyo.

MWALIMU: Zimwi likujualo, wanasema, halikuli likakwisha.

MUUZA MAGAZETI: J.M. lilimla likamwisha, Mwalimu.

Kutoka hapo mazungumzo yalikwenda kwenye mambo ambayo ripota hakuwa ametaka kuyasema. Analipwa kwa idadi ya stori zinazotumika, si mshahara, na stori ikikaliwa na mhariri wiki mbili, hizo ni wiki mbili bila kodi ya nyumba. Kwenye mikutano ya wakubwa kuna karatasi ya kuandika majina, na mwisho wa mkutano kijana wa itifaki huita waandishi mmoja mmoja nyuma ya gari. Inaitwa nauli.

WAKILI: Ngapi?

RIPOTA: Inategemea ni nani. Elfu moja. Mbili. Mara ya kwanza niliikataa, wenzangu wakaniuliza kama nataka kuwaharibia. Mara ya pili nilikuwa na shilingi arobaini mfukoni na nilikuwa nimekuja kwa bodaboda kutoka mbali. Nikaichukua. Jioni nikaandika ile hotuba aya kwa aya kama alivyoisoma, hata swali moja sikuweka. Hakuna aliyeniambia nisiweke. Niliona tu mkono hauandiki.

Nilimheshimu zaidi kwa maneno hayo kuliko kwa ile bahasha. Maadili yanasema mwanahabari asipokee pesa ili achapishe habari, na yamekaa vizuri kwenye kitabu. Lakini mkono hauandiki kwa sababu nyingi. Vyumba vikubwa vya habari navyo vina nauli yao, inaitwa matangazo ya serikali. Machi 2024 serikali iliagiza matangazo yake ya redio na runinga yapelekwe KBC, shirika lake, na kila mhariri wa kituo binafsi alielewa anachoambiwa. Na kuna woga wa aina nyingine kabisa. Desemba 2023, upande wa Meru, bloga Daniel Muthiani, watu wakimwita Sniper, alitoweka, kisha maiti yake ikapatikana. Watu walishtakiwa kwa mauaji yake. Anayeandika Washington akikosana na wakubwa huwa na gazeti nyuma yake, na mawakili, na mlinzi mlangoni. Anayeandika Meru, Chuka au Nanyuki hununua mboga soko moja na mtu aliyemwandika.

Mwalimu ndiye aliyeipeleka meza Marekani. Alipenda kufundisha Watergate, anasema, kwa sababu watoto huwa hawaamini kwamba rais mwenye nguvu kiasi kile aliweza kung'olewa na maripota wawili vijana.

MWALIMU: Lakini kuna jambo nililokuwa nikilificha darasani. Yule mnong'onezaji wao, Mark Felt, alikuwa mtu wa pili katika FBI. Bosi wake Hoover alipokufa Mei 1972, Felt alitarajia kiti, akanyimwa. Mwezi uliofuata wezi wakakamatwa Watergate, na yeye akaanza kunong'ona gizani. Je, alikuwa mzalendo au mtu mwenye kinyongo? Sikuwaambia watoto kwa sababu nilitaka shujaa. Sasa nakuuliza wewe. Aliyekuletea bahasha hii, anataka nini?

Ripota alichelewa kujibu.

RIPOTA: Aliomba ile tenda akaikosa.

MWALIMU: Haya!

WAKILI: Haya nini? Kinyongo hakijaza kisima maji. Nguzo iko pale, mbuzi wako pale, amewaona kwa macho yake. Mwenye kinyongo anaweza kusema kweli, Felt alisema kweli na Nixon akaondoka Agosti 1974. Kinyongo kinakudai kitu kimoja: uangalie mara mbili pale ambapo ungeangalia mara moja. Karatasi ya sita iko wapi? Pengine ipo, inaonyesha kwamba pesa zilirudishwa, na huyu bwana ameiacha nyumbani makusudi.

RIPOTA: Nimeandika barua ya kuomba mkataba wote. Kifungu cha 35 cha katiba, na ile sheria ya 2016 ya kupata habari. Hawajajibu.

WAKILI: Siku ngapi?

RIPOTA: Leo ya ishirini na tano. Sheria inawapa ishirini na moja.

MUUZA MAGAZETI: Na mwenyewe? Umemuuliza mwenyewe?

RIPOTA: Nimempigia mara nne. Anaona namba yangu, hashiki.

Ukungu ulikuwa umeanza kupasuka. Upande wa stendi jua lilishuka kwenye paa la matatu moja, na makanga wa Mukurwe-ini wakaanza kuita abiria kwa sauti mpya kana kwamba siku ndiyo imeanza. Nilimwangalia Mwalimu. Alikuwa amezichukua zile nakala, amevaa miwani, anazisoma moja moja kwa mwendo wa mtu anayesahihisha mtihani. Alipofika kwenye ile yenye duara la kikombe alikaa nayo muda mrefu.

MWALIMU: Mwandiko huu naujua. Nimeusahihisha miaka minne. Alikuwa anaandika herufi "g" hivihivi, mkia umegeuka. Nilimwambia mara ngapi.

Hakuna aliyesema kitu.

MWALIMU: Wazee wamwite, nilisema. Mzee ni mimi. Na sitaki kumwita kando, kwa sababu nikimwita kando atalia, na akilia nitamsamehe, na kisima kitabaki mbuzi.

Alitoa simu yake ndogo ya vibonyezo, akatafuta jina kwa kidole gumba, akaisukuma mezani hadi kwa ripota.

MWALIMU: Hii namba hajui kuikataa. Akishika nitamsalimia, halafu nitakupa wewe. Mwambie jina lako kamili na redio yako. Mwambie unaandika. Muulize maswali yote, hata ya ile karatasi ya sita, na umwache ajibu mpaka amalize.

Ripota alifungua daftari, akaandika tarehe, akaandika saa: nne na dakika arobaini na saba. Mwalimu akabonyeza. Tulisikia ikilia mara moja, mara mbili, na muuza magazeti akainuka akafunga dirisha ili kelele za stendi zisiingie.